Chatu Mweupe wa Wajdi

Haya yalitokea ghorofa ya juu yangu hapa mtaani Imbaba, kwa jirani yangu Mama Wajdi, na yalianza siku ya kawaida kabisa. Ijumaa asubuhi mwanawe wa pekee, Wajdi, aliniomba nimsindikize soko la wanyama akanunue nyoka wa kufuga. Mama yake alikuwa amekataa asiende peke yake, eti atarudi na mamba.

Muuzaji, Fundi Bayoumi, alitutolea nyoka mwekundu, mwembamba. "Huyu mpole, anakula vizuri, hata majirani watampenda." Akatoa na chatu mdogo wa kahawia, mwenye madoa. Mimi nilishampenda yule mwekundu, lakini Wajdi alikuwa amemkodolea macho chatu mweupe pee, mwenye macho ya buluu.

"Huyo ni rangi tu, kijana, si malaika," Bayoumi alisema. "Mlishe, mbadilishie maji, basi. Usiongee naye kama mtu."

"Kwani nimekuja kutafuta mchumba?" Wajdi akacheka, akamchukua.

Kwetu nyoka mweupe akionekana nyumbani hauawi hivi hivi. Huenda ni jini, mwenyeji wa nyumba. Huonywa mara tatu aondoke, na akikaidi ndipo huuawa.

Wiki hiyohiyo, mchana, tanki lake la kioo likakutwa tupu, na vibanio vya kifuniko bado vimebana. Nilikuwapo. Mama Wajdi, mzaliwa wa vijijini Sohag, akasimama sebuleni akaita kama bibi yake alivyokuwa akiita. "Kama una haki na nyumba hii, kaa kwa amani. Kama huna, toka." Akarudia mpaka zikatimia tatu.

"Mama, huyo nimemnunua, si mpangaji," Wajdi akamtania.

Tulipogeuka, chatu alikuwa ndani ya tanki, ametulia. Hakuna aliyegusa kifuniko.

Kesho yake Mama Wajdi alikuwa kwangu tukinywa kahawa. Tukamsikia Wajdi akigonga mlango wao kwa ndani. Tukapanda mbio. Ufunguo ulizunguka vizuri, ila mlango haukusogea.

"Mama, shangazi, nitoeni," alinong'ona mlangoni. "Hayumo kwenye tanki."

Nikampigia simu Bayoumi. Nikamweleza yaliyotokea. "Mlimwonya? Wa kununua haonywi, mama. Anaonywa mwenye nyumba. Sasa mmempa nyumba."

Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Kama una haki na nyumba hii, kaa kwa amani. Kama huna, toka."

Ilikuwa sauti ya Mama Wajdi. Naye Mama Wajdi alikuwa kando yangu, kiganja mdomoni.

"Natoka," Wajdi alilia. "Wallahi natoka. Mlango hautaki."

Mara ya pili. Nikaupiga mlango kwa bega. Mama yake akaupiga kwa kichwa. Sijawahi kuogopa vile, na simwombei mtu.

Mara ya tatu.

Kilio cha Wajdi kikakatika. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole.

Wajdi hakuwemo. Madirisha yote yana nondo. Chatu alikuwa amejikunja kwenye kochi, tumbo lake jembamba kama siku tuliyomnunua.

Kitandani kwa Wajdi palikuwa na ngozi iliyovuliwa, laini kama ganda la kitunguu, ndefu kunizidi mimi. Nikadhani ni ya nyoka. Nikaishika upande wa kichwa, nikaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa na kope.