Pengo Lililokwanguliwa

Kooo... ko-ko.

Binti aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Chumba cha pili, mama yake alikuwa akikunja nguo.

"Ni wewe unayegonga?" mama akauliza.

"Si mimi. Labda upepo."

"Upepo wenye adabu huo, unabisha hodi!"

Binti hakucheka. Pigo moja refu, mawili mafupi. Ndiyo mapigo ya shairi la Kigiriki cha kale alilohangaika nalo tangu asubuhi. Kazini walimwita Kiraka, kwa kuwa alijaza mapengo ya mashairi yaliyoliwa na wadudu na unyevu. Pengo likimkatalia, huazima neno lolote linaloenea kwenye mapigo, akausoma mstari kwa sauti, asikie unavyotembea.

Leo aliazima jina la marehemu mdogo wake, akausoma mstari. Jina ambalo mama hajalitia kinywani tangu mazishi.

Simu ikaita. Mwalimu wake wa zamani.

"Kiraka, nimeitazama ile picha ya hati uliyonitumia. Pengo lile halikuliwa na wadudu. Limekwanguliwa kwa kisu. Kuna mtu aliogopa." Akashusha sauti. "Umeweka nini pale?"

Binti aligeuka kutazama chumba cha mama.

"Mwanangu, umeweka nini?"

"Jina la... mtu wetu."

"Mungu wangu. Mstari wa mwisho unasemaje?"

Asubuhi aliuacha, umefifia mno. Sasa aliikuza picha, akaunganisha mabaki ya wino, doa kwa doa. Maana ikajitokeza taratibu.

*Ataingia akiitwa na aliyemzaa.*

Kooo... ko-ko.

Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango. Udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Mama..." sauti ndogo ilisema huko nje. "Baridi."

Kiraka alitupa simu, akakimbia. Alimkuta mama amesimama mlangoni, shuka iliyokunjwa nusu imemwangukia miguuni.

"Unamsikia?" mama alinong'ona.

"Mama, nakuomba, usiseme kitu! Si yeye!"

"Nisiijue sauti ya mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyeita, mama. Na sijui nimeita nini."

Akamziba mdomo kwa kiganja. Nje, kitu kilikuwa kikipumua kwa mapigo yale yale... refu, fupi, fupi... kikingoja.

Mama akaushika ule mkono, akaushusha polepole, bila hasira, kama mtu anayembandua mtoto aliyesinzia kifuani.

Kisha akalitaja jina.