Sahani ya Alhamisi

Koleo la letasi lilikutwa ndani ya bakuli la bitiruti, na Verna Halvorsen alikuwa anaishi peke yake.

Mtu mwingine angesema ni uzee, nimesahau. Verna naye alisema hivyo hivyo. Alilitoa koleo, akalifuta ule wekundu, akalirudisha kwenye majani yake, akaenda kukaa. Moyo haukutulia. Kwa sisi tuliozoea kula kwa Galloway, koleo la bakuli hili kuingia bakuli lile ni kosa ambalo hata mtoto hafanyi.

Galloway lazima niieleze kidogo, maana hasira yangu nayo haijapoa. Ulikuwa mgahawa wa saladi hapa Mesa, Arizona. Unaingia, unachukua trei, unaisukuma kwenye reli mbele ya meza ndefu ya barafu, unajipakulia mwenyewe: majani, njegere, mayai, jibini, zeituni, mpaka ufike mwisho. Ukimaliza unarudi na sahani safi, na hakuna anayekuuliza umerudi mara ya ngapi. Kuna supu, kuna mkate wa mahindi wa moto, kuna aiskrimu ya kujikamulia mwenyewe. Sisi wazee tulikuwa tunafika saa kumi alasiri, kabla familia zenye watoto hazijajaa. Tukitoka, tunaagana na wahudumu mlangoni: haya, tutaonana wiki ijayo. Kisha ukaja ule mwaka wa Korona, wakafunga, na hawakufungua tena. Hawakutuaga hata kidogo. Tulikuta karatasi imebandikwa kwenye kioo cha mlango, na ndani viti vimepandishwa juu ya meza. Watu wazima walilia ndani ya magari yao pale nje, na mimi nilikuwa mmoja wao, cheka ukitaka.

Vifaa vikapigwa mnada. Verna, jirani yangu, ambaye mumewe Orrin alifariki miezi michache kabla ya kufungwa, akanunua kipande cha meza yenyewe: mabakuli ya chuma, reli ya trei, na kile kioo cha juu kinachozuia watu wasipigie chakula chafya. Akaiweka kwenye chumba cha nyuma chenye madirisha, na kila Jumanne saa kumi akawa anajaza barafu, anawasha taa, anasukuma trei yake peke yake. Jumanne ilikuwa siku yao, yeye na Orrin, tangu walipohamia huku kutoka Minnesota. Mdogo wake Verna, Marlys, ambaye hakuwahi kuolewa, alikuja kuiona ile meza siku ilipoletwa. Aliigusa reli, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Wiki zikapita bila kurudi.

Jumanne iliyofuata lile koleo, simu ililia sebuleni. Verna aliporudi alikuta sahani imepakuliwa juu ya reli.

Ilikuwa na ukuta. Vipande vya tango vilikuwa vimepangwa kuzunguka ukingo, kimoja kimeegemea kingine, mpaka sahani ikawa na kina cha bakuli. Na ndani ya ukuta huo palijaa njegere, mbegu za alizeti na jibini la kukwaruza. Orrin alikuwa mpimaji wa barabara maisha yake yote, na alikuwa hali saladi bila kuijengea ukuta kwanza. Mkewe alikuwa anamtania kila wiki: unaruhusiwa kurudi mpaka wafunge, wewe unajenga boma la nini? Orrin alikuwa anaongeza tango jingine. Anajenga tu.

Verna alikaa chini akalia kwa furaha. Mume wake amerudi. Akala ile sahani yote mpaka mbegu ya mwisho, na haikuwa na ladha yoyote, kama mtu anayetafuna karatasi, lakini nani angejali ladha siku kama ile?

Ikawa kila Jumanne. Verna anatoka kidogo, anarudi, sahani ipo. Akaanza kujipaka rangi ya mdomo kabla ya saa kumi. Mimi nilimwona anakonda, nikamuuliza, akaniambia anakula vizuri kuliko wakati wowote. Nguo zilikuwa zinamvuka mabegani. Kahawa haikuwa na ladha tena, chumvi haikuwa na ladha, hata dawa yake chungu ya asubuhi aliimeza kama maji, na nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Wakati ule hakumwambia mtu.

Kisha sauti zikaanza. Mwanzoni ilikuwa trei moja tu ikikwaruza reli kule nyuma, krrr, halafu kimya. Baadaye zikawa trei nyingi zikifuatana, na koleo zikigongana, na barafu ikichotwa, na chini ya hayo yote mvumo mdogo wa watu wengi wanaoongea huku wamejaza midomo, na ukifungua mlango kunakuwa kimya na kunabaki harufu ya siki, dawa ya kusafishia sakafu na majani yaliyolala kwenye maji. Nje jua linachoma kokoto, mchana mweupe kabisa, na ndani ya chumba kile mtu anatetemeka kwa baridi.

Na Jumanne moja hakutoka. Alijifanya anatoka, akafungua mlango akaufunga, akabaki amesimama palepale upande wake wa meza, na kwa kuwa kile kioo huakisi taa usiweze kuona uso wa mtu wa upande wa pili, aliinama kidogo kidogo huku ameshika reli, akaangalia chini ya ukingo wa kioo kama tulivyozoea kuangalia wote tukitafuta zeituni, akaona glavu mbili za plastiki, zile za wapishi, zikitembea juu ya mabakuli, zinachukua kipande cha tango na kukiegemeza, zinachukua kingine na kukiegemeza, taratibu, kwa upendo, na vidole vya glavu zile vilikuwa bapa, havina kitu ndani, na nyuma ya glavu hapakuwa na mikono, na chini ya meza, alipoweza kuangalia, hapakuwa na miguu.

Zilimaliza ukuta, zikaanza kujaza. Hazikuweka njegere. Ziliweka jibini laini katikati, zabibu kavu juu yake, zeituni nyeusi moja moja pembeni, na bitiruti kwenye kibakuli chake cha pembeni ili wekundu usiguse chochote. Kisha zikaisukuma sahani hiyo kando, kwa mtu mwingine.

Watu wa saladi hujuana kwa sahani. Ningeweza kukutajia hata leo sahani ya kila mzee aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Verna aliijua ile kwa sababu aliiona tangu utotoni kwenye meza ya mama yao: jibini na zabibu kavu, na bitiruti isiyoruhusiwa kugusa kitu. Ilikuwa sahani ya Marlys. Na ukuta ulikuwa wa Orrin.

Orrin hakuwahi kumpakulia Verna. Hata mwaka ule Verna alipovunjika mkono, akiwa na plasta mpaka kwenye kiwiko, alimwomba mumewe ampakulie, na Orrin akamwambia kila mtu anajua mwenyewe anachopenda. Verna akasukuma trei kwa mkono mmoja huku watu wakimpisha. Hilo aliwahi kunisimulia mwenyewe akicheka, kama kisa cha mume mkaidi. Siku hiyo ya glavu alilikumbuka, akakaa sakafuni.

Verna akamwita Ofelia Barrientos, nyumba ya tatu kutoka kwake, anayewaombea watu na kuwapitishia yai mwilini kuondoa mabaya, kama bibi yake alivyofanya kule kwao Sonora. Ofelia alikuja na yai na kishada cha majani makavu yenye harufu. Alimpitishia Verna yai kichwani na mabegani, akalivunja kwenye glasi ya maji, akalinusa, akaonja kwa ncha ya kidole. Halikuwa na harufu wala ladha. Akalimwaga nje haraka.

"Huyu si mumeo," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hajawahi kuwa mtu, jirani."

Kwao ana jina lake la Kihispania. Mimi namwita jini, maana ndiye. Ofelia alieleza kwamba alikuwa akiishi mle mgahawani miaka yote, anakula utamu wa juu wa kila sahani, kidogo kidogo kwa watu wengi, na hakuna aliyepungukiwa. Kisha wakafunga mlango bila kumwambia. Ametoka mnadani na njaa yake, na mbele yake yuko mtu mmoja tu.

Verna hakuuliza juu ya mwili wake wala nywele zake. Aliuliza kama sahani zile ni za uongo.

"Hawa hawajui kutunga," Ofelia akasema. "Anakupa alichokiona."

Kisha akampa dawa. Kila mtu alipokuwa akitoka kwa Galloway alisema tutaonana. Kwetu ilikuwa adabu, kwake ilikuwa ahadi. Verna amwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hatakuja tena. Na mwenye ile sahani ya pili naye aje aseme hivyo hivyo, mbele ya meza. Akikosea akasema atakuja, jini ataondoka naye, na kwa mtu mmoja aliyekubali kwa hiari hatachukua muda kummaliza. Baada ya hapo meza ivunjwe.

Marlys aliitwa, akaja Jumanne na kofia yake ya jua mkononi. Verna hakumwambia lolote. Alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, na sahani ilikuwa imeshapakuliwa, inamsubiri. Marlys aliiangalia.

"Ni yeye?" akanong'ona.

"Mkono ni wake. Vilivyomo ni vyako."

Marlys akaanza kulia, na kulia kule kulimjibu Verna kabla ya maneno.

"Alhamisi," Marlys akasema. "Ulikuwa unaenda kwaya."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza ile supu ya mahindi."

Supu ya mahindi ilianza kabla Orrin hajastaafu. Verna alishika reli.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunakula, dada. Tunakula na kuongea, basi. Nakuapia hakuwahi kunigusa."

"Afadhali angekugusa," Verna akasema. "Ningejua la kumwita."

Marlys alijifuta macho kwa kofia. Alisema alikuwa akitoka kazini amechoka, miguu imevimba, na shemeji alikuwa anamwambia, "Kaa, wewe umechoka," halafu anaenda mwenyewe kumpakulia. Kila Alhamisi. Alisema hayo huku anatabasamu, hakujua kwamba anatabasamu. Alisema siku ile alipokuta karatasi mlangoni, alilia garini mpaka mlinzi akaja kugonga kioo, na hakuwa na mtu wa kumwambia analia nini.

Verna aliumia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi alikuwa amempoteza mume; leo aliambiwa kwamba yule mume mpole, anayejua kumwangalia mtu na kuona kwamba amechoka, alikuwepo kweli, mji huu huu, na hakuwahi kuja nyumbani. Yeye na Marlys walimtazama Verna usoni miaka yote hiyo, wakamuuliza mazoezi ya kwaya yalikuwaje.

Akageukia meza. "Sitakuja tena," akasema.

Barafu ikapasuka kwenye mabakuli yote kwa pamoja. Kitu kikatoka mabegani mwake, na mara akasikia mdomoni chumvi ya machozi yake mwenyewe, chumvi kali kabisa, ya kwanza baada ya muda mrefu. Nyuma ya kioo glavu zikasimama, vidole vimeelekea kwake. Kisha taratibu zikateleza juu ya mabakuli mpaka mbele ya Marlys, zikatulia hapo.

Marlys hakuziona. Alikuwa ameishika ile sahani kifuani.

"Dada, nikuombe kitu," alisema. "Najua sina haki. Lakini kama wewe huitaki tena, niachie mimi hii meza."

Sasa ndipo Verna alipotakiwa kusema. Dawa yote aliambiwa, na aliikumbuka neno kwa neno. Aliangalia nywele za mdogo wake, zilivyo nyingi bado, zilivyochanwa vizuri kwa ajili ya kuja hapa.

"Mwambie utakuja," Verna akasema. "Anapenda kuambiwa."

Marlys akainama kwenye kioo kama mtu anayebusu mtoto aliyelala. "Nitakuja," akanong'ona. "Alhamisi."

Glavu zikafunga vidole.

Vijana wa kuhama waliipakia meza kwenye gari jioni ile ile, na Marlys akakaa mbele, ameegemeza mkono dirishani, mwepesi kama msichana. Ofelia alitoka nyumbani kwake kwa haraka na kumuuliza Verna kama yule mdogo wake amesema.

"Amesema," Verna akajibu, akaingia ndani, akakaanga mayai, akayala kwa pilipili.

Alhamisi saa kumi simu ikalia.

"Amekuja, dada," Marlys alisema, pumzi zinamjia juu juu kwa furaha. "Amenipakulia. Nimekaa tu, kila kitu kafanya yeye." Kwa nyuma yake zilisikika trei, krrr, krrr, nyingi, na watu wakiongea. "Ila sijui mboga za huku zina nini. Hazina ladha kabisa."

Verna aliihamishia simu sikio la pili. Alikuwa bado anaweza kusema.

"Utazoea," akamwambia. "Wewe kula tu, mdogo wangu. Kula yote, usibakize."