Makofi Ndani ya Kiyoyozi

Kama hujawahi kumwona mtu mwenye dharau ya kuzaliwa nayo, basi hukufika Kasulu wakati wa Twalibu wa Sola. Duka lake lilikuwa jirani na soko, paneli zimepangwa mlangoni, na yeye yuko nyuma ya kaunta na shati jeupe, anamkagua mteja kuanzia viatuni. Baba yake alitokea Pangani, na hilo angekuambia hata kabla hujauliza bei ya balbu. Wengine wote, Waha wenye mji wao, Warundi wa kuvuka mpaka, walimu waliohamishiwa huku kutoka Mara na Dodoma, aliwapa jina moja tu: washamba.

Mwaka 2014 akaagiza gari la umeme. Umeme mtupu, mafuta halionji. Alilichaji kwa paneli za juu ya paa lake, na Kibondo, kwenye duka la shemeji yake Rashid, alikuwa na paneli nyingine za kulichajia kabla ya kurudi. Likipita halisikiki, mbuzi wanashtuka limeshafika. Watoto wakaliita Bubu. Mtu alipomuuliza gari la chini vile litafanya nini kwenye vumbi la barabara ya Kibondo, alijibu, "Wewe endelea na baiskeli yako." Na vioo hakuvishusha hata siku moja. AC iliwaka kutoka geti mpaka geti, hata asubuhi zile za Kasulu za kuvaa sweta, ili vumbi la washamba lisimguse, na salamu zao pia.

Kitu kimoja tu kilimfanya Twalibu afanane na binadamu wengine. Alitaka mtoto. Miaka tisa ya ndoa na Faudhia, mimba mbili zimeharibika, na sasa ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Hapo aliweza kumshika mkono hata mteja aliyemdharau, akamwambia, "Bado miezi miwili niitwe baba." Alilisema neno hilo polepole, kwa utamu, halafu akakumbuka anaongea na nani, akauachia ule mkono.

Basi, Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, asubuhi, jua limeshachomoza vizuri, akatoka kwenda Kibondo. Kwenye mteremko wa kukaribia Kabanga palikuwa na bibi mmoja anatembea katikati ya barabara, kikapu cha mihogo kichwani. Angelisikiaje? Twalibu alikanyaga breki, gari likasimama hatua mbili nyuma yake. Bibi akageuka. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alilitazama gari, akalitambua, akatua kikapu chake pembeni. Kisha akapiga magoti palepale kwenye vumbi jekundu na kuanza kusalimia.

Aliyekulia Buha anajua salamu ya heshima ilivyo. Viganja vinakunjwa kidogo, vinakutanishwa taratibu, kop, kop, kop, na anayesalimiwa naye anapiga vyake kuitikia. Wazee wa kizamani kama yule walikuwa hawanyanyuki mpaka waitikiwe. Ni jambo la nusu dakika. Bibi alipiga makofi yake, akasema "Bwakeye," yaani kumekucha, kisha akaongeza maneno mengine ambayo kioo kiliyazuia.

Twalibu akacheka kwa pua. Akazungusha swichi ya AC mpaka mwisho, upepo ukajaa ndani, asisikie kitu. Akampita bibi kwa pembeni. Kwenye kioo cha nyuma alimwona bado yuko chini, viganja vimekutana.

"Watu hawana kazi," akajisemea.

Saa kumi jioni alirudi. Bibi alikuwa palepale. Magotini. Kikapu kando yake, mihogo imenyauka kwa jua. Uso ameuelekeza upande wa Kibondo, kule gari lilikokwenda. Twalibu aliona vizuri, maana alilazimika kupunguza mwendo. Midomo ya bibi ilikuwa inatingishika. Akampita mara ya pili.

Jumatatu AC ikaanza kelele.

Mwanzo ilikuwa ndogo, mtu angedhani jani limenasa kwenye feni. Kop. Kop. Kop. Kimya. Kop. Kop. Kop. Gari la mafuta lingeimeza sauti ile kwenye mngurumo wake, lakini Bubu halikuwa na mngurumo. Kila kitu kilisikika. Akapunguza upepo, sauti ikabaki vilevile. Akauongeza, ikabaki vilevile. Matatu, halafu kimya. Na kile kimya ndicho kilichomkera zaidi, kwa sababu kila kilipofika alijikuta ameinamisha kichwa, anasubiri.

Alhamisi akalipeleka kwa Makarius, fundi wa Kibondo aliyejifunza AC kwenye magari ya mashirika ya wakimbizi. Hakumsalimia. Alimtupia ufunguo. "Kuna takataka kwenye feni. Toa, na usinichafulie kiti."

Makarius alifungua dashibodi, akachomoa chujio, akaitoa feni, akaimulika kwa tochi. Safi. Akaiweka juu ya gunia chini. Akachomoa fyuzi. Mwisho akachomoa waya wa betri, gari likafa kabisa, taa zote zimezimika.

Kop. Kop. Kop.

Sauti ilitoka kwenye yale matundu ya upepo, na feni yenyewe iko juu ya gunia. Makarius akarudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwenye ovaroli, na alipoongea alinong'ona.

"Bosi. Hiyo si kelele. Unasalimiwa."

"Nini?"

"Kuna mtu hukumwitikia?"

Twalibu akaangalia saa yake.

"Mke wangu ni wa Kabanga," Makarius akasema. "Ijumaa asubuhi walimkuta bibi yao mmoja kwenye mteremko wa barabara, bibi Generosa. Ameshakufa. Yuko magotini bado, hakuanguka. Wamemzika Jumamosi. Wanawake waliomwosha wanasema viganja vilikataa kuachana, wamemzika navyo hivyohivyo." Akaokota tochi yake. "Bosi, ukifika pale shuka. Piga goti, piga makofi matatu, sema umeitikia. Basi. Mimi sikudai hata kumi."

Sasa hapo mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Nusu dakika, jamani! Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Mimi? Nimpigie magoti mchuuza mihogo? Tena maiti? Ndiyo maana hamwendelei nyie. Kitu kidogo kinawashinda, mnasingizia wafu. Rudisha feni yangu."

Aliporudi Kasulu alipita ule mteremko bila kupunguza mwendo. Makofi yalimsindikiza mpaka getini.

Alijaribu kuendesha huku AC imezimwa. Yakawepo. Akaziba matundu kwa utepe wa gundi; asubuhi akakuta utepe umebanduliwa na kukunjwa vizuri juu ya kiti. Akaanza kuweka redio kwa sauti ya juu. Dukani alimwambia kila mtu kwamba mafundi wa Kibondo ni wajinga, gari litapelekwa Dar likatazamwe na watu wenye macho.

Kisha, mwezi wa kumi na mbili, Jumanne, saa sita mchana, Faudhia akashikwa na uchungu. Nyumbani hapakuwa na gari lingine. Twalibu akampakia mkewe mbele, wakatoka kwenda Kabanga hospitali. Jua kali, barabara imejaa watu wanaotoka mnadani. Hakuna saa ya mchana iliyo salama kuliko ile.

Makofi yalianza walipoacha mji. Faudhia alikuwa hajapanda gari lile tangu mwezi wa kumi. Ndiyo kwanza ayasikie. Mama yake alikuwa Muha. Hakuhitaji fundi wa kumwelezea.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"AC ni mbovu."

"Twalibu. Nani huyo?"

Akamwambia. Kwa kifupi, kwa kukereka, huku macho yako barabarani. Bibi mmoja mshamba. Mteremko wa Kabanga. Faudhia akashika mlango kwa mikono miwili.

"Aliyekufa magotini? Umempita bibi Generosa?" Machozi yakamtoka. "Nani unadhani ameishika hii mimba? Nilikuficha kwa sababu ungenicheka. Miezi minne alikuwa ananikanda tumbo. Kila siku akiniaga anampigia mtoto makofi, anamsalimia. Siku ile alitaka kukuuliza hali yangu!"

Kop. Kop. Kop.

"Fungua kioo," Faudhia akasema.

Kioo kilikataa. Cha kwake kilikataa, na cha Twalibu pia. AC ikawaka yenyewe. Baridi ikaingia, baridi ya udongo wa chini, na harufu ya mihogo iliyochacha. Wakaufikia mteremko.

Gari likasimama.

Chaji ilikuwa imejaa. Twalibu alikanyaga. Halikwenda. Nje watu wanapita na mizigo yao, hakuna anayegeuka. Ndani makofi yamebadilika. Yamekuwa ya polepole. Moja. Kimya. Moja. Kimya. Ya mtu aliyechoka kusubiri.

"Itikia," Faudhia akasema kwa pumzi iliyokatika. "Nakuomba. Mwitikie."

Mikono ya Twalibu ilinyanyuka. Hilo Faudhia alilishuhudia, na ameapa. Ilinyanyuka, viganja vikasogeleana. Kisha macho yake yakaangukia nje, kwa mpita njia mmoja aliyesimama kuwatazama kupitia kioo, mkulima na jembe lake begani. Twalibu akaona haya. Aonekane anapigia dashibodi makofi, mbele ya mtu wa jembe? Akakunja ngumi badala yake, akaipiga dashibodi kwa nguvu zote.

"Kimya! Mshamba mkubwa wewe!"

Kukawa kimya.

Upepo ukakata. Baridi ikakata. Gari likaanza kuteremka lenyewe, taratibu. Twalibu akacheka, cheko fupi la mshindi. "Umeona? Hawa hawataki kubembelezwa."

Faudhia alikuwa amelaza viganja vyote viwili juu ya tumbo lake, uso umempauka.

"Kapiga makofi," akasema.

"Nani?"

"Mtoto."

Alizaliwa saa tisa alasiri, msichana, mzito, mzima wa viungo vyote. Nesi Winifrida, aliyempokea, alisema hajawahi kuona mtoto wa namna ile. Hakulia. Alikuja macho wazi, anapumua vizuri, viganja vimekutana kifuani. Walipojaribu kumfungua mikono wamfute, ilibidi wangoje mpaka alipoiachia mwenyewe. Twalibu akambeba, akalia machozi ya kweli, akamwita Siti, jina la mama yake. "Sema baba," akamwambia mtoto wa saa moja. Mtu akimpenda mtoto hivyo unatamani umsamehe.

Gari hakuliendesha tena. Alisema ni betri. Aliitoa, akaing'oa AC yote, kompresa, feni, mabomba, akavirundika nyuma ya choo. Bubu likabaki uani juu ya matofali, vioo vimepandishwa.

Siti alikua vizuri. Alinyonya, akakaa, akatambaa. Ila baba yake alipomwita hakugeuka. Madaktari walimpima masikio wakasema yako sawa, na kweli, mama akimwita anakuja. Kwa Twalibu macho yake yalipita tu, kama ya mtu anayetazama kupitia kioo. Twalibu aliongeza zawadi, akaongeza busu, akaanza kumbembeleza mbele za wateja bila aibu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Miezi kumi, na mtoto hajamtazama baba yake usoni hata mara moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, 2015, Twalibu alikuwa anakunywa chai sebuleni. Siti akatambaa mpaka mlangoni, kwenye jua. Akajiinua, akakaa juu ya magoti yake mawili, mgongo umenyooka. Akakunja viganja kidogo. Hakuna aliyemfundisha, Faudhia ameapa kwa hilo pia.

Kop. Kop. Kop.

Kikombe kikamponyoka Twalibu. Ilikuwa salamu. Salamu ya mwanawe, ya kwanza! Hakuona haya safari hii. Alijitupa magotini kwenye chai iliyomwagika, machozi yakimtiririka, akainua mikono yake amwitikie.

Uani, ndani ya gari lisilo na betri wala feni, nyuma ya vioo vilivyofungwa, kitu kikaitikia kabla yake.

Kop. Kop. Kop.

Siti akacheka kwa furaha. Hakuwa amemgeukia baba yake kabisa. Tangu mwanzo alikuwa analitazama gari. Twalibu akatambaa mpaka mbele yake, akapiga makofi yake hivyohivyo. Alipiga matatu, akasubiri. Akapiga mengine matatu. Mtoto akasogea pembeni kidogo, maana baba alikuwa amemziba asilione gari.

Ukipita Kasulu leo utamkuta mlangoni kwake asubuhi, shati jeupe, magoti yamechubuka, viganja vimekutana. Wapita njia wote humsalimia, washamba wale wale, kwa adabu zao. Anawaitikia wote. Ila macho yake yako ndani ya nyumba, kwa Siti, na Siti bado hajamwitikia.