Kwa Ajili ya Chale Zangu, Mume Wangu Aliazima Mke

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Nalima mpunga karibu na Kabambare, na pamba pia, maana Serikali haitaki kusikia habari ya kutolima pamba. Sina mume. Mtoto nilizaa mmoja tu, na mtoto huyo aliniita mpishi mpaka mwaka huu...

Usoni nina chale, mistari iliyopangwa vizuri kila shavu. Tumboni ninazo nyingine, lakini hizo hamtaziona! Na mdomo wangu wa juu una tundu, mahali nilipovaa kijiti cha shaba tangu usichana. Nayataja haya mapema kwa sababu mateso yangu yote yalianzia hapo.

Nilichanjwa na shangazi yangu Mwayuma. Aliniketisha nyuma ya nyumba, akanichanja kwa wembe, akapaka masizi ya mawese. Wanawake waliimba ili nisilie, na kweli sikulia. Kwetu msichana asiye na chale alichekwa, wakamwita kambale, kwa sababu ngozi yake ni laini na hana hata gamba moja. Jeraha lilipopona, wavulana walikuwa wakipita mbele ya nyumba yetu bila sababu yoyote. Nilijiona mzuri. Jamani, nilijiona mzuri sana!

Mmoja wa wavulana hao alikuwa Filipo. Alikuwa amesoma kwa mapadri, na alikuwa kalani mdogo, mwandishi wa ofisi ya Serikali, pale Kabambare. Alikuja kwa baba, akatoa mali kama desturi inavyotaka, mbuzi na nguo, akanichukua. Siku zile alipenda kupitisha kidole juu ya chale zangu na kusema kwamba hata gizani angenijua. Mapadri waliahidi kutubariki nikimaliza mafundisho ya dini. Kabla sijamaliza, Filipo alihamishwa Kasongo.

Kasongo! Mjini wanawake walipita na kanga zao, na vipini puani, na herini zinazong'aa. Wakiniona walisemezana kwa sauti ya kutosha ili nisikie: "Tazama ule mushenzi." Wao wametoboa pua na masikio, mimi nimetoboa mdomo. Niambieni ninyi mnaojua: tundu la sikio ni ustaarabu, tundu la mdomo ni ushenzi? Nani aliyepima?

Filipo akaniambia nitoe kile kijiti. Nikakitoa. Lakini tundu halikuziba. Pale foye, mahali ambapo wake wa makalani walifundishwa kusoma, kufuma na kupiga pasi, tulipewa chai kila alasiri. Nilipokunywa, chai ilipenya tunduni ikanidondokea kifuani. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Siku ile nilirudi nyumbani nikazisugua chale zangu kwa jiwe la kuogea mpaka damu. Nilipata vidonda tu, na chale zikabaki palepale.

Wakati huo nilikuwa nimeshamzaa Anjelani. Huyo sikumchanja, maana baba yake alikataza.

Sasa sikieni jambo lililonimaliza. Zilikuja habari kwamba Wazungu watawapa kadi makalani wanaoishi kistaarabu. Mwenye kadi ataheshimiwa, hatachapwa kiboko, watoto wake watapokelewa vizuri shuleni. Lakini kwanza itakuja komisio, yaani kamati ya Wazungu wakaguzi, nyumbani kwako, kutazama kitanda chako, meza yako, choo chako... na mke wako.

Mtaa mzima wa makalani ulichanganyikiwa. Kila mtu aliazima kitu. Huyu viti, huyu kitambaa cha meza, yule uma na visu ambavyo hata hakujua kuvishika. Uma zilezile zilizunguka nyumba baada ya nyumba!

Mume wangu aliazima mke.

Jirani yetu alikuwa na shemeji yake, Matrida, msichana aliyelelewa na masista. Alijua Kifaransa cha salamu, alijua kumimina kahawa, na uso wake ulikuwa laini. Kambale kabisa! Filipo alikuja akakaa karibu nami, akaongea kwa upole ambao nilikuwa nimeusahau.

"Feza, ni siku moja tu. Wazungu wanakuja, wanakunywa kahawa, wanakwenda. Weye utakaa ku jiko."

"Na mimi ni nani?" nilimwuliza.

"Weye ni bibi yangu. Ule ni bibi ya komisio."

Nikakubali. Naandika neno hili mara mbili... Nikakubali! Nilimpenda, nilitaka apate heshima yake, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuuonea haya uso wangu mwenyewe. Hata nguo yangu nzuri nilimvalisha Matrida kwa mikono yangu. Kwa siku kadhaa kabla ya siku yenyewe, Anjelani, mtoto mdogo asiyejua lolote, alipewa biskuti kila alipomwita Matrida mama.

Walikuja Bwana Mkubwa wa teritware, yaani mtawala wa wilaya, padri mmoja, na Wazungu wengine. Nilikuwa jikoni nikipuliza moto. Nilisikia padri akimwuliza mtoto wangu kwa Kiswahili, "Mama yako iko wapi?" Sikuona alivyoonyesha. Nilisikia tu vicheko, na padri akisema vizuri sana, vizuri sana. Wasomaji, mmewahi kusikia mtoto wenu akipongezwa kwa kuwakana?

Kisha Mzungu mmoja akaja kuchungulia jikoni. Aliponiona alisimama. Akauliza huyu ni nani. Filipo, mume wangu, baba wa mtoto wangu, akajibu bila kunitazama: "Ni mupishi, Bwana. Mutu wa pori ya Kabambare." Basi yule Mzungu akafurahi! Akaniambia nitoke mwangani, nigeuke huku, nigeuke kule, akapiga picha ya chale zangu. Akasema kwamba zimechorwa kwa ufundi. Filipo alinificha kwa ajili ya Wazungu, na Mzungu mwenyewe alizipenda chale zangu! Lakini alizipenda kama mtu anavyopenda ngozi ya chui ukutani. Alipomaliza hakuniuliza hata jina.

Walipoondoka nilivua aproni nikidhani mambo yamekwisha. Kumbe padri alikuwa ametoa sharti. Kwa kuwa ndoa haijabarikiwa kanisani, ibarikiwe kwanza, ndipo kadi itolewe.

Nilimwomba Filipo aende kusema ukweli. Akaniuliza kama nataka afungwe kwa kudanganya Serikali. Akalia. Ndiyo, alilia mbele yangu, akaapa kwamba ile ni baraka ya Wazungu tu, na kwamba mimi ndimi niliyetolewa mali. Nilimwamini? Labda. Au labda nilikuwa sina pa kwenda na mtoto. Arusi ya Filipo na Matrida ikafanyika. Na nani aliyepika wali wa arusi ile? Ni mimi! Anjelani alibatizwa mwezi huohuo, na mama aliyetajwa mbele ya padri alikuwa Matrida. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, nimeshika kapu.

Matrida aliingia nyumbani na sanduku lake, na mimi nikahamishiwa kijumba cha jikoni. Sitasema alikuwa mwovu, nisije nikamsingizia. Alikuwa msichana aliyepangiwa na wakubwa, na mara nyingine aliniletea sabuni au kitambaa, akaondoka upesi bila kuniangalia machoni. Lakini chumba alilala yeye. Na Filipo, mwanzoni alikuja jikoni kwa siri, baadaye akaja kuuliza tu chakula kimeiva.

Nilibaki kwa sababu ya mtoto. Nilimwogesha, nilimsuka, nilimpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, anavyoipenda, bila pilipili. Mwanzoni aliniita Mama Feza. Alipoanza shule kwa masista akaniita Feza. Siku moja alikuja na wenzake, mmoja akauliza yule mwenye uso wa mistari ni nani. Akajibu upesi, "Mupishi yetu," na akawaharakisha waingie ndani. Nilirudi kutwanga. Nilitwanga mpunga ule mpaka ukawa unga.

Halafu yakaja maradhi. Filipo na Matrida walikuwa wamesafiri kwenda Kindu kwa sherehe ya makalani. Anjelani akashikwa na homa kali, akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Nilimbeba mpaka dispansari, wakampa vidonge, wakasema tungoje. Nikangoja... homa ikapanda. Pale sokoni alikuwapo mama mmoja wa kwetu, anajua dawa. Nilimrudisha mtoto nyumbani, nikamwita. Akamchanja chale ndogo ndogo kwenye vipaji vya uso, pande mbili, akasugua dawa. Kulipokucha mtoto alifumbua macho akaomba uji. Ni vidonge au ni chale? Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilipiga magoti palepale jikoni nikashukuru.

Filipo aliporudi hakuuliza mtoto alikuwa mgonjwa kiasi gani. Aliona vipaji tu.

"Umechafua mutoto yangu!" alipiga kelele mtaa mzima ukatoka nje. "Unataka akuwe mushenzi kama weye?"

Nikamjibu kwamba ni mtoto wangu pia. Akaniziba mdomo kwa kofi. Alasiri ileile nilipandishwa kamyo, lori la kubebea pamba, nikarudishwa Kabambare na kitenge kimoja. Anjelani alisimama mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa. Alikuwa analia kidogo. Aliniuliza, "Sasa leo nani atapika?"

Swali hilo nililala nalo miaka yote iliyofuata. Wazazi wangu walinipokea bila maneno mengi. Shangazi Mwayuma, aliyenichanja, aliniangalia mdomo na kuniuliza kijiti kimekwenda wapi. Alinipa kingine kabla ya kufa kwake, nami nakivaa mpaka leo, wacheke wakitaka.

Mwaka huu, wakati watu wote wanazungumza habari ya uhuru, kamyo ilisimama njia panda, akashuka msichana amevaa viatu vya ngozi. Nilimjua kabla hajafika. Ana mwendo wa mama yangu! Nywele zake alikuwa amezivuta mbele kufunika vipaji, na poda amepaka nyingi. Akanisalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni.

"Ni weye Feza, mupishi ya zamani ya baba? Ni weye ulinichanja?"

Nikasema ni mimi niliyemwita mchanjaji. Akaanza kueleza haraka haraka. Anaolewa na mwalimu. Mama wa mwalimu alimshika kichwa siku ya kuonana, akaziona zile chale, akamwuliza mwanawe kwa kunong'ona huyu ni mtoto wa washenzi gani. Tangu siku ile hana raha.

"Nasikia kwenu kuko dawa ya kuzitoa," alisema. "Nipatie tu hiyo dawa, mama, nirudi."

Hilo neno mama alilisema kwa adabu, kama anavyomwambia mwanamke yeyote mzee. Nilikuwa nimejiapiza kutonena. Lakini nilimwona mwanangu anataka kufanya nilivyofanya mimi na lile jiwe la kuogea, na nikashindwa.

Nikamwambia hakuna dawa. Kisha nikamwambia yote. Kahawa, biskuti, padri, ubatizo, arusi niliyopika. Nilimwambia alivyozaliwa na mvua ikinyesha, na alama nyeusi aliyo nayo chini ya goti ambayo mtu asiyemwogesha hawezi kuijua.

Aliniangalia mashavu, akashika kipaji chake. Akaomba maji, akanywa. Nilidhani atanikumbatia... Nilikuwa nimeshainua mikono!

Akasema, "Arusi iko mavuno ikiisha. Uje. Lakini upite ku mulango ya nyuma, ukae na wapishi. Watu ya bwana yangu hawajui kitu. Ni siku moja tu, mama."

Siku moja tu! Maneno yaleyale ya baba yake!

Wasomaji, safari hii neno mama alilisema kwa maana yake. Nilingoja neno hilo tangu alipokuwa mtoto wa biskuti. Na bado nilimjibu hapana. Nilimwambia niliwahi kuingia jikoni kwa siku moja, na siku hiyo haijaisha mpaka leo. Nitaingia kwa mlango wa mbele, na uso wangu huu, na kijiti changu, au sitakuja. Alilia, akanikasirikia, akasema ninataka kuvunja arusi yake. Kamyo ilipopiga honi akaondoka bila kuaga.

Je, nilikosea? Kila jioni najiuliza. Mkiniona nina moyo mgumu, mnayo haki. Lakini nawasihi, hasa ninyi wanawake wenye alama za kwenu: mtu akikuomba ujifiche kwa ajili ya uso wako, hata akilia, hata akiwa mume, hata akiwa mtoto uliyemzaa, usikubali hata saa moja. Yeye atazoea kutokukuona, na wewe utazoea kutokuonekana. Nanyi vijana mlioelimika, mnaovaa herini na kuwacheka mama zenu, mkumbuke nani aliyewapikia.

Mavuno yamekwisha. Mpunga uko ghalani. Kitenge changu nimekifua na kukikunja, na kijiti cha shaba nimekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa. Nimeketi mlangoni, natazama njia inayotoka Kasongo. Akija mtu kuniita mama wa bibi arusi, nitakwenda naye sasa hivi.

Akija kuniita mpishi, atakuta nimekwenda shambani.