Mzabibu Uliomeza Mnyororo

"Tukimaliza kula unipeleke shambani," alisema Orosia. "Nataka kuyaona machipukizi."

"Kuna matope."

"Tangu lini wewe ukaogopa matope?"

Eliseo alishika chupa, akamjazia glasi mpaka karibu imwagike, halafu akajifanya anaangalia moto. Walikuwa wameketi mlangoni mwa pango la Casilda, binamu yake Orosia, kwenye kile kilima ambacho kila familia ya kijiji imejichimbia shimo lake la kuhifadhia divai. Ilikuwa Jumapili, upepo wa mlima Moncayo umetulia kwa mara ya kwanza wiki nzima, na mbavu za kondoo ziko juu ya wavu wa kuchomea. Siku kama hiyo ukimkuta mtu huku kwetu amenuna, ujue ana lake moyoni.

Eliseo alikuwa na lake. Orosia hakuliona kwa sababu na yeye alikuwa na lake, tena lilikuwa linamwasha ulimi. Alikuwa ameacha kazi. Kufua mashuka ya hoteli kule mjini Zaragoza basi tena. Ufunguo wa chumba amerudisha, amepanda basi na sanduku moja, na hajamwambia mtu. Alikuja kuolewa na Eliseo. Ahadi hiyo aliitoa wakiwa vijana, wakichuma zabibu pamoja kwenye shamba la babu yake Eliseo, na kila msimu wa mavuno ulipofika akasema mwaka ujao. Sasa wote wawili wamevuka hamsini. Alikuwa amejipangia kulitamka akimaliza glasi ya pili.

Ya kwanza alikuwa ameinywa taratibu, macho ameyafumba. Jamani, ile divai. Nyingi tunawapelekea ushirika, nao wanaiuza bei ambayo haimshtui hata mstaafu, ila kila nyumba hujibakizia kidogo ya kwake, na hii ilikuwa ya Eliseo mwenyewe. Haijawahi kulazwa kwenye pipa la mbao. Ni tunda tupu, ladha ya cheri na plamu iliyoiva hadi kupasuka, na inateremka bila kukukwaruza koo. Wageni hawaelewi kitu rahisi namna ile kinakuwaje kizuri namna ile. Ni uzee wa mizabibu tu. Mzabibu mzee huzaa vishada vichache, na utamu wote unakwenda kwenye hivyo vichache.

Kule Zaragoza Orosia alikuwa akinunua ile ya ushirika, akajimiminia glasi jioni baada ya zamu na kungoja simu. Eliseo alipiga kila siku. Alimweleza mzabibu upi umechipua, upi umepigwa na baridi, upi unaonyesha dalili za kuchoka. Wapenzi wengine huambiana maneno matamu. Hawa wawili waliambiana habari za shamba, na Orosia alilala vizuri.

"Hii ni ya mteremko wa juu, shamba la babu yako," alisema sasa. "Usinidanganye, naijua."

"Ni ya huko huko," alisema Eliseo, sauti haina nguvu.

Casilda alitoka pangoni amekumbatia shina nene la mzabibu, limejipinda, jeusi kwa uzee.

"Shoga, sogeza mguu," alisema, akalisukumiza motoni. "Haya mashina ya Eliseo yana baraka. Moja tu linashika moto mpaka jioni."

Orosia alicheka. Kila mwaka unakufa mzabibu mmoja au miwili, hilo analijua kila mtu. Akauliza ni mingapi imekufa safari hii. Casilda akamtazama Eliseo, na Eliseo akasema nyama inaungua.

Nyama haikuwa inaungua.

Huku kwetu anayeng'oa shamba la mizabibu hugawa mashina kwa majirani. Ni desturi, hakuna anayeifikiria mara mbili, na Eliseo hakuifikiria. Alipakia, akapitisha nyumba kwa nyumba, akamshushia na Casilda fungu lake. Alichosahau ni kwamba kuni mwisho wake ni motoni, na motoni ndipo watu wanapokaa.

Shina lilipasuka. Kitu kikadondoka kwenye majivu, kikalia kama kijiko kilichoanguka. Orosia aliinama, akakichokoa kwa koleo. Ilikuwa pingili ya mnyororo, imekuwa nyekundu kwa moto.

Aliijua kabla haijapoa. Babu yake Eliseo alikuwa akimfunga punda wake kwenye mzabibu wa mwisho wa mstari, na mwaka hadi mwaka mzabibu ukanenepa ukaumeza mnyororo, ikabaki nje kipande kidogo cha chuma tu. Chini ya mzabibu huo ndipo Eliseo alipombusu mara ya kwanza, mikono ya wote wawili inanata maji ya zabibu.

"Eliseo. Hii ni nini?"

"Unaijua."

"Umeng'oa mmoja tu?"

Eliseo aliyatazama majivu. Casilda, ambaye muda wote alidhani binamu yake anajua, aliweka uma chini na kuingia pangoni.

"Umeng'oa wote," alisema Orosia.

"Mwezi wa kwanza. Walikuja watu wa mitambo ya umeme wa jua, wanataka mteremko mzima. Majirani walishakubali. Mgongo wangu umekwisha, Oro. Kupogolea peke yangu siwezi tena."

Orosia alitoa simu mfukoni. Aliipekua mpaka akaipata meseji ya Eliseo. Akaisoma kwa sauti:

"'Oro, mzabibu wa mnyororo umechipua wa kwanza, kama kawaida yake. Unakusalimia.' Wiki mbili zilizopita. Na picha umetuma."

"Picha ya zamani."

"Na zile za theluji?"

"Zote za zamani."

"Kila jioni ulikuwa unanihadithia shamba ambalo halipo."

"Ndiyo."

Hakujitetea, na hilo lilimkasirisha Orosia kuliko uongo wenyewe. Alitaka agombane naye, apaze sauti, apate pa kushika.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukipokea simu neno lako la kwanza ni, mizabibu haijambo?" alisema Eliseo. "Miaka yote, mizabibu haijambo. Nikawaza, nikimwambia haipo, tutazungumza nini? Niliogopa simu itanyamaza."

"Ungeningoja."

"Nilikungoja. Kila mwaka uliniambia mwaka ujao. Safari hii nikachoka kuamini, basi."

Orosia aliiweka pingili juu ya jiwe. Glasi ya pili ilikuwa imebaki nusu. Ndipo akalisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa:

"Nimeacha kazi. Sanduku langu liko kwa Casilda. Nilikuja kukaa."

Eliseo alijifunika uso kwa viganja. Alikaa hivyo mpaka nyama ikaanza kuungua kweli.

"Tutapanda mingine," alisema mwishowe. "Pale nyuma ya nyumba pana nafasi."

"Mpaka ije kutoa divai kama hii, mimi na wewe tutakuwa wapi?"

Eliseo ni mtoto wa mizabibu, hesabu ya miaka hiyo aliijua. Orosia aliinua glasi akaimaliza. Ilikuwa tamu vilevile, haikupungua hata kidogo, na hapo ndipo alipolia.

Zaragoza hakurudi, chumba kilishapata mtu mwingine. Alipanga nyumba ndogo mitaa miwili kutoka kwa Eliseo, na watu wakasubiri harusi, halafu wakaacha kusubiri. Mkigombana mnaweza kupatanishwa. Hawa hawakuwa wamegombana. Hata ile pingili hakuna aliyeirudia, Casilda anaegemezea mlango wa pango.

Simu Eliseo anapiga bado, saa ile ile ya jioni. Kutoka dirishani kwake anaiona taa ya Orosia.

"Oro."

"Nakusikia."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Kisha hakuna mwenye neno. Jioni moja majuzi Eliseo alijisahau, akaanza, "Leo asubuhi mzabibu wa..." na akakatisha hapo. Orosia hakukata simu. Aliishikilia sikioni, akangoja aendelee, hata kama ni uongo.

Eliseo akamtakia usiku mwema.