Michoro ya Mama Florentine

Kila asubuhi kabla ya shule, Evodie alichota maji kwenye bomba la mtaa wao, mjini Kalemie. Siku hiyo wanawake kwenye foleni walikuwa wakitazama simu ya Mama Éliane. Ilikuwa na programu mpya ya kufundisha watu kujikinga na kipindupindu, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya Cédrick, kaka yake Evodie.

"Mwambie kaka yako asante," alisema Mama Éliane. "Hata mimi nisiyejua kusoma ninaelewa michoro hii."

Evodie aliinamisha kichwa. Michoro ile ilichorwa na Mama Florentine, muuguzi mstaafu aliyeishi ng'ambo ya barabara. Evodie alikuwa ameazima daftari lake kwa ajili ya kazi ya shule, na Cédrick akamwomba apige picha kurasa zote. Jina la Mama Florentine halikuonekana popote.

Alipofika nyumbani, alimsihi kaka yake waende kumwambia Mama Florentine.

"Akikataa, watu wataumwa," alijibu Cédrick. "Hii njo kazi ya kusaidia watu. Kipindupindu hakingoji ruhusa."

Evodie aliwaza. Akisema, huenda programu ingefungwa, na akina Mama Éliane wangeumia. Akinyamaza, angeendelea kuficha wizi. Kwa siku tatu alipita nyuma ya nyumba ili asionekane barabarani.

Siku ya nne Mama Florentine akamkuta bombani. "Mutoto, mbona unanikimbia?"

Evodie akalia, akaeleza yote.

 Mama Florentine akaiomba simu ya Mama Éliane, aliyekuwa kwenye foleni, akaitazama programu ukurasa kwa ukurasa.

"Ukurasa huu wa dawa ya maji ni wa zamani," alisema. "Dawa ya sasa ni kali zaidi, na vipimo vimebadilika. Mungeniuliza, ningewaambia."

Cédrick alipopata habari, aliuondoa ukurasa ule mara moja, akavuka barabara na dada yake.

"Nisamehe, Mama. Nilitaka kusaidia."

"Najua, na umesaidia," alisema Mama Florentine. "Tumia michoro yangu, weka jina langu, na vipimo tutavirekebisha pamoja. Lakini sikilizeni, wanangu. Kazi yenu kuwa na faida kwa watu ilikuwa sababu nzuri ya kuja kuniomba. Haikuwa ruhusa ya kuchukua. Anayesaidia watu naye anafuata sheria, kama mtu mwingine yeyote."