Vigurudumu vya Siwema

Haya, sogeeni. Wewe, mpishe mwenzio. Mmekaa? Basi sikilizeni ya Siwema na samaki wake.

Siwema alikuwa na miaka sita. Alikaa Tanga, kwa shangazi yake Hidaya. Sebuleni kulikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki mmoja wa manjano. Jina lake Ndimu.

Pampu ilipuliza hewa. Bwiku-bwiku, bwiku-bwiku! Na vigurudumu vidogo vya plastiki vikacheza na mapovu.

Juu, chini, zunguka!
Juu, chini, zunguka!

Kila kigurudumu kilikuwa na vyumba. Humo walikaa wadudu wema, wadogo hata huwaoni. Kazi yao kula uchafu wa Ndimu. Basi vigurudumu vikawa na rangi ya chai kavu.

Sasa, Shangazi Hidaya hapendi rangi ya chai. Sufuria zake zinang'aa. Kizingiti chake kinang'aa. Hata kuku angemsugua, kuku kamuwahi kakimbia.

Siku ya kuamkia Idi, Shangazi akavitoa vigurudumu. Akamwaga sabuni. Akamwaga dawa ya kung'arishia nguo. Suku-suku, suku-suku! Vikawa vyeupe pe! Akavirudisha tangini.

Siwema katoka chuo cha Kurani, kaona. "Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimekusafishia, mama. Wageni wa Idi waje waone uchafu?"

"Umewaua wadudu wangu wote!"

"Wadudu? Ndani mwangu? Alhamdulillahi!"

Siwema akapiga mguu chini. Ti! Ti!
"Haifai! Sikubali!"

Idi mosi, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele.

Idi pili, Ndimu kapanda juu. Hali chakula. Hachezi. Mdomo wazi, apa, apa, apa, anatafuta pumzi.

"Shangazi, Ndimu atakufa!"

Shangazi uso ukamshuka. "Sikujua, mwanangu. Vigurudumu vile vinanuka dawa, ngoja tumtilie shanga zangu za kioo badala yake. Nzuri hizo, zinameremeta."

Ti! Ti!
"Shanga hazichezi! Haifai! Sikubali! Twende kwa Baba Mdogo."

Loo! Baba Mdogo Shaweji alikaa nyumba ya pili, na matangi yake manne. Lakini yeye na dada yake Hidaya hawasemezani mwaka mzima. Shaweji aliazima kwake kinu cha marehemu mama yao. Kinu kikarudi na ufa.

"Kwa Shaweji siendi," kasema Shangazi. "Aanze yeye kuja, aniombe radhi."

Ti! Ti!
"Mnanuniana kwa kinu, na samaki wangu anakufa! Haifai! Sikubali!"

Akatoka na kandambili zake. Chapa, chapa, chapa! Shangazi nyuma, anafunga kanga huku anakimbia.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nimekasirika."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuudhi?"

"Nyote wawili!"

Siwema akamweleza yote, ya sabuni na ya kinu. Baba Mdogo akakuna kichwa. Akaleta ndoo ya maji, pampu, na vitu vya kutia tangini. "Haya, chagua mwenyewe."

Siwema akatia vijiwe. Du! Vikalala chini.

Akatia vipira vya plastiki. Vikaelea juu, vivivu, havigeuki.

Akatia vigurudumu vyenye vyumba vingi. Bwiku-bwiku!

Juu, chini, zunguka!
Juu, chini, zunguka!

"Hivi!" kasema Siwema. "Hivi vinacheza!"

"Umechagua vizuri. Ila vyumba vitupu, hajahamia mtu."

Baba Mdogo akachota vigurudumu vya zamani kutoka tangi lake. Rangi ya chai! "Hawa wadudu wema watazaana, watahamia na kwenye vipya."

Shangazi kasimama mlangoni, anavitazama. Vidole vinamuwasha, anataka kusugua.

"Shangazi! Mikono nyuma!"

Shangazi akaweka mikono nyuma, upesi, kama mtoto wa chuoni. Baba Mdogo akaangua kicheko.

"Unacheka nini? Kinu changu je?"

"Kina ufa tangu enzi za mama."

"Muongo!"

"Muongo wewe!"

Siwema akatulia. Si wanasemezana hao?

Wakabeba ndoo pamoja, huyu upande huu, huyu upande ule. Wanabishana njia nzima.

Wakatoa vigurudumu vyeupe, wakamwaga nusu ya maji machafu. Wakatia maji ya ile ndoo, yaliyolala tangu jana hata dawa ya bomba ikaisha. Wakatia vigurudumu, vipya na vya zamani.

Siku moja. Ndimu yuko juu bado.

Siku ya pili, Ndimu kashuka chini.

Siku ya tatu, kala chembe moja. Kala na ya pili! Akapita katikati ya vigurudumu, mkia unapepea.

Usiku ule Siwema alikuwa kitandani. Mlango wazi, kamwona Shangazi sebuleni, kitambaa mkononi.

"Shangazi! Unafuta wapi?"

"Nje ya kioo, mama. Nje tu."

"Ndani je?"

"Ndani hapanihusu. Lala."

Bwiku-bwiku, bwiku-bwiku.

Juu, chini, zunguka.

Macho ya Siwema yakajifumba. Ila chini ya shuka, mguu mmoja ukapiga kidogo.

Ti.